Bakuli la Karanga

Jumapili, Juni. Baridi ya Songea imenikaa mifupani. Nimerudi kutoka kanisani nikajifunika blanketi mchana kweupe, kama mgonjwa.

Siumwi. Nimechoka kuwa peke yangu, na leo nimejiongezea.

Shirika letu la kununua mazao limeuzwa. Mwekezaji ameshamtuma meneja wake, na juzi alituita makatibu muhtasi, mimi na Mama Kanuti, akasema atabakiza mmoja. Tutapimwa Ijumaa, kwenye kompyuta. Mimi nimeisomea Dar, likizo ya mwaka jana, kwa mshahara wangu mwenyewe. Mama Kanuti hajawahi kuigusa. Ufunguo wa chumba cha kompyuta ninao mimi.

Kwa hiyo kazi ni yangu. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na bado silali vizuri.

Nilipofika hapa kutoka Tabora nilikuwa na cheti kizuri na vidole vibovu. Kila herufi niliichungulia kabla ya kuipiga. Mama Kanuti alinitazama asubuhi nzima, kisha akavua khanga yake ya juu, akaitandaza juu ya mikono yangu na taipureta yote.

"Chapa sasa."

"Sioni, Mama."

"Nani kakwambia utumie macho? Macho ni ya kusomea barua. Chapa, binti, usinililie hapa."

Wiki za kwanza nilichapa upuuzi mtupu. Alinicheka, lakini hakuniacha. Alinifundisha pia kuisoma barua ya bosi mpaka mwisho kabla ya kugusa mashine, na kumwuliza asipoeleweka badala ya kukisia. Kule Dar, wenzangu walipokuwa wakitafuta herufi kwenye kompyuta, vidole vyangu vilikwenda vyenyewe. Herufi zilikuwa palepale alipoziweka Mama Kanuti.

Leo baada ya misa, hodi. Chumba hiki cha mtaa wa Mfaranyaki hakipigiwi hodi na mtu isipokuwa mwenye nyumba, akifuata kodi. Nikafungua, nikamkuta Mama Kanuti na bakuli la karanga za kuchemsha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona umejifungia kama mtawa? Na watawa wenyewe wana wenzao!"

Nilicheka mpaka nikashangaa sauti yangu. Tukakaa, tukamenya karanga, akanieleza habari za mwanawe Kanuti aliye kidato cha pili, anavyomaliza viatu. Halafu akafuta mikono.

"Nifundishe hilo lidude lenu kabla ya Ijumaa."

Nikamwambia kompyuta ni ngumu, inataka miezi.

Ni uongo. Kwa vidole vile, anahitaji asubuhi chache tu: kuiwasha, kuhifadhi kazi, kuitoa kwenye karatasi.

Alinitazama kama siku ile ya taipureta. "Haya, binti. Kula karanga." Akaenda zake, bakuli akaniachia.

Lipo hapa mezani, nimeshindwa kulimaliza. Naogopa nini? Naogopa kurudi Tabora nikaulizwe kazi iko wapi. Lakini hata nikirudi, vidole hivi nitarudi navyo, na kesho wakileta mashine nyingine nitaanzia navyo hapohapo. Mama Kanuti anavyo vilevile. Kinachomzuia ni mlango tu, na ufunguo uko ndani ya mkoba wangu.

Siku zote nimedhani kwamba sina mtu mji huu kwa sababu mimi ni mgeni.

Ijumaa mmoja wetu ataondoka. Naweza kuwa mimi. Nimeliandika hilo polepole, nione kama nitalifuta.

Sijalifuta.

Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Sina unga wa kutosha, na sukari imeisha tangu jana. Kesho asubuhi, kabla ya ofisi kufunguliwa, bakuli litarudi kwa Mama Kanuti na ufunguo ndani yake.