Neno Nililomfundisha Murjo

Dolno Kamenovo,
Bulgaria.
24 Machi 2019

Mpendwa dada Zlatina,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba baridi ya Kanada imeanza kuwaonea huruma. Sisi tunaendelea vizuri. Mkono wa mama yako nao hauna neno. Plasta itatolewa baada ya wiki tatu, ingawa vidole vyake vimeshaanza kumenya viazi na daktari amemkataza.

Utashangaa nakuandikia barua ilhali simu ipo. Nimekupigia mara mbili nikiwa na jambo la kusema, na mara zote mbili nikaishia kukuhadithia mvua. Kwenye karatasi hunioni uso, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Viatu ulivyomtumia mama yako vilifika Jumanne, vile vyenye meno chini. Shangazi alivivaa papo hapo, akazunguka navyo jikoni. Barua yako nilimsomea mimi. Umesema mtu wa miaka sabini na tisa anayeteleza kwenye barafu hawezi tena kuishi peke yake, na kwamba ukija Pasaka utauza nyumba na kumpeleka makao ya wazee mjini. Hakulia. Aliikunja barua, akaniuliza kama huko wanaruhusu kuku. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Zlatina, siku ile alipovunjika mkono hapakuwa na barafu.

Murjo, mbwa wangu, unamjua kwa picha tu. Nilipomleta alikuwa anaenea ndani ya kofia yangu. Nikamfundisha mchezo mmoja: nikisema "Opa!", kama tunavyowaambia watoto tukiwanyanyua, anaruka na kuniwekea miguu kifuani. Wageni walivunjika mbavu, nami nikajiona fundi. Sasa ana kilo arobaini na mchezo ni ule ule. Mama yako aliniambia si mara moja, "Gencho mwanangu, mfunze huyo mbwa adabu, ataua mtu." Nikawa namjibu, "Aa, shangazi, anakupenda tu huyo!"

Tarehe mosi Machi alikuja kwangu na nyuzi zake nyekundu na nyeupe, zile za heri za kuaga baridi, kama kila mwaka, wa kwangu mmoja na wa Murjo mmoja. Kwenye ngazi yangu ya mawe alijikwaa kidogo, akayumba. Angejishika mwenyewe, maana mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kitasa. Lakini mimi nikasema lile tunalolisema sote hapa mtu akijikwaa. Nikasema, "Opa!" Na Murjo akafanya nilichomfundisha, kilo zote arobaini kifuani mwa shangazi.

Hospitalini daktari aliuliza kama ni barafu. Shangazi akanitazama, kisha akatikisa kichwa kushoto na kulia, na kama hujasahau, kwetu hiyo ndiyo "ndiyo" yetu. Nami nikatikisa changu. Njiani akaniambia, "Ukisema ni mbwa, watamchukua wamuue. Funga mdomo." Nikaufunga. Niliufungua tu kukupigia simu na kukudanganya, nawe ukamgombeza yeye kwa kuvaa viatu vibovu. Naona aibu, dada yangu.

Nilikwenda kwa Galina, daktari wa mifugo, nikamweleza ukweli. Hakunionea haya. "Unamsukuma kwa mikono na kumpigia kelele? Yeye anadhani mnacheza! Mgeuzie mgongo, nyamaza. Akitua miguu yote minne chini, mpe kipande cha soseji, umsifu." Murjo alielewa kwa siku tano. Tatizo likawa sisi watu. Mzee Metodi, jirani, akiingia tu uani na kumwona anamkimbilia, anasema, "Opa, opa!", na mbwa yuko shingoni mwake. Galina akasema basi neno hilo tuligeuze: kila likitamkwa, Murjo aketi, apewe soseji. Kwa wiki mbili nimezunguka uani nikisema "opa" peke yangu kama mtu aliyerukwa na akili. Metodi hakosi la kusema: "Gencho, mbwa kahitimu, wewe umerudia darasa?" Nacheka naye, lakini inanichoma.

Jana shangazi alikuja na viatu vyako vipya. Meno ya viatu yakanasa kwenye zulia la mlangoni, akayumba pale pale pa siku ile, na mimi, kabla sijauma ulimi, nikaropoka, "Opa!" Murjo akaketi. Aliketi kitako akiutazama mkono wangu, akingoja soseji. Mama yako alishika kitasa, akasimama wima mwenyewe kwa mkono wake mmoja mzima.

Akaniuliza uzi wa mbwa uko wapi. Ulikuwa mfukoni mwangu tangu siku ile. Nilikuwa sijathubutu kuutoa. Akamfunga Murjo shingoni kwa mkono mmoja na meno, akampapasa kichwa. Halafu akanigeukia.

"Huyu keshajifunza," akasema. "Bado wewe."

Ndiyo maana nakuandikia. Usiiuze nyumba, Zlatina. Ukija Pasaka, nigombeze mimi, mbele ya kijiji kizima ukitaka, sitajitetea. Miguu ya mama yako ni mizima. Hakuanguka. Aliangushwa, na aliyemwangusha ni mimi.

Nisalimie sana shemeji Rumen, na watoto wetu Yana na Filip. Mke wangu Nevena anawasalimu. Shangazi hajui nimeandika leo, lakini nadhani anahisi, maana amenitumia mayai sita na bahasha tupu. Mungu awalinde njiani na awafikishe kwetu salama.

Wako akupendaye, na anayengoja hasira zako,

Gencho