Lori la Sericho Linaondoka Bila Mama

Mjomba Kanchoro,

Salaam aleikum. Hapa Bulla Pesa tuko wazima. Mbuzi uliyetuletea amezaa pacha, na mwalimu wa Kiswahili alisoma insha yangu mbele ya darasa.

Mamo, dereva wa lori, ameleta ujumbe wako kwamba Akko, nyanya yangu, amezidiwa na anamwita mama. Mama yuko nyuma ya pazia, kwenye kompyuta, anafanya mtihani wa mwisho wa shahada yake ya ualimu. Kamera inamtazama; akiinuka, mtihani unafutwa. Miaka yote hii amefunza chekechea mchana na kusoma jioni.

"Mwite basi, msichana," Mamo alisema. "Lori halingojei mtu."

Nilimwambia kwamba mama ametoka, huku nikisikia vidole vyake vikigonga kompyuta.

Kwa kuwa simu za huko Sericho hazishiki, nampa Mamo barua hii. Lori lingine ni kesho kutwa. Mama akimaliza nitamwambia kabla hajaanza kufurahi. Mwambie Akko binti yake anakuja. Na tusipomkuta, mjomba, usimlaumu dada yako. Hakuambiwa.

Mpwa wako anayekuheshimu,
Sadiya