Baba Aliponyamaza Katikati ya Wimbo

Karatu, Jumatatu

Mdogo wangu Modest,

Huku hatujambo, ila baridi ya Julai imetukalia. Msimu wa ngoma za asili umeanza, na kila Jumamosi alasiri uwanja wa kanisa unajaa. Wiki ya kwanza walikuja wazee wa Mang'ola na zeze zao. Ukungu ukashuka kutoka msituni wakiwa wanapiga, tukawa tunawasikia bila kuwaona, kama vile mlima wenyewe ndio unaoimba.

Juzi ilikuwa zamu ya kikundi chetu. Baba aliongoza kama kawaida, kisha katikati ya wimbo wa kuombea mvua akanyamaza. Maneno yalikuwa yamemtoka. Wanawake waliendelea kupiga ngoma polepole wakimsubiri. Nikamshika mkono, nikauimba mimi mpaka mwisho.

Tulipokaa akaniuliza taratibu, "Wewe binti ni wa nani?"

"Wa mzee Tluway," nikamjibu. Nilimtajia jina lake mwenyewe.

Akatabasamu. "Mwambie nimesema amezaa mwimbaji."

Modest, wewe bado anakutaja kwa jina. Omba ruhusa kazini, uje mapema.

Dada yako anayekungoja,
Laurencia