Wanawake Walioteleza Murusagamba

Murusagamba, Jumanne, 18 Novemba

Shangazi Domina,

Shikamoo. Mvua imetufungia ndani ya zahanati tangu asubuhi, ila tumeshiba ndizi na maharage. Timu yetu ya ukaguzi imekuja kuangalia kama rejista ya mimba zilizoharibika inasema kweli. Nikakuta karibu kila mwanamke ameandikwa kwamba aliteleza akichota maji. Nikamuuliza muuguzi, mama wa makamo, kama hakuna hata mmoja aliyetoa mimba.

"Mwanangu, huku utelezi ni mwingi," akasema, na wenzake wakacheka. Kisha akashusha sauti. "Nikiandika ukweli, polisi watamfuata akiwa bado kitandani."

Huyo sikumkasirikia. Nilimkasirikia kiongozi wa timu yetu, aliyeona rejista inalingana na ripoti ya mwezi, akaipa zahanati alama zote. "Data safi," akasema, akaenda kula. Uongo mmoja ukiandikwa mara mbili ndio usafi?

Nilimkumbuka marehemu dada Leokadia, alivyokuwa akinisuka huku akiimba wimbo uleule. Alikunywa dawa ya mizizi kutoa mimba, akatokwa damu hadi akafa, na kule hospitalini Biharamulo wakaandika malaria. Kwenye vitabu vya serikali hakufa kwa kilichomuua. Nimekataa kuweka sahihi kwenye alama zile, hata kama watanirudisha nyumbani kesho.

Nisalimie wadogo zangu. Jioni mkisali rozari mnikumbuke, na Leokadia mtajeni kwa jina.

Mwanao,
Editha