Mvua ya Usiku wa Jumatatu

Mjomba,

Rehema za Mungu zikufikie kabla ya maneno yangu, maana maneno yangu leo hayana utulivu wa msiba.

Kipima mvua chako bado kimesimama uwanjani hapa Kisarawe, na kila asubuhi mkeo hutoka kukisoma. Ameishika kazi yako bila kuagizwa na mtu. Msitu umekatwa upande wa reli. Ule mvule uliokuwa ukiusalimia kwa utani haupo tena.

Ulikuwa mtu wa kuazimisha. Kila mgeni aliyekuja kuchunguza mimea, ndege au udongo ulimpa kopo la mvua, bilauri ya kupimia na madaftari yako yote. Namkumbuka yule Mzungu wa vipepeo uliyemwambia, "Piga goti, bwana. Macho yawe sawa na maji, la sivyo unapima kiburi chako." Akapiga goti na suruali yake nyeupe. Nilicheka, kisha nikakugombeza njia nzima: watachukua jasho lako, jina lako watalisahau. Ukanijibu, "Kwani mvua niliinyesha mimi?"

Hata arobaini yako haijapita, akaja mtaalamu aliyepiga kambi Soga. Alitaka kulinganisha mvua za huku na za mjini. Mkeo akampa madaftari. Akaniomba mimi nikakae na karani wake, mtu wa bara, nimsaidie kuyasoma. Nikasema, "Wasome wenyewe. Si ndio wasomi?"

Habari zikarudi kwamba mtaalamu ameyaweka kando. Mvua zako za usiku, alisema, zinachelewa siku nzima. Bila shaka mzee alikuwa akilala, kisha akijaza kwa kubuni. Wewe, Mjomba. Wewe uliyeinuka na homa kwenda kupima kopo tupu.

Nilishika kalamu. Kurasa sita, kila sentensi ina meno. Nilimwita mwizi wa heshima za wafu, nikaituma barua, nikamwambia mkeo kuwa tangu leo hakuna mgeni atakayegusa hata kifuniko cha kopo.

Alikuwa akipepeta mchele. Akaniuliza, "Msomi wangu, mzee akiandika usiku wa Jumatatu, ni upi?"

Nikamjibu ni ule wa kuamkia Jumatatu, nani asiyejua.

"Na kwao huyo karani?" Akaendelea kupepeta.

Nilikaa chini, Mjomba. Kwetu jua likizama Jumapili, Jumatatu imeingia, na usiku wake umeanza. Kwa karani usiku wa Jumatatu unafuata mchana wake. Ile siku nzima ya kuchelewa ndiyo hiyo. Wewe hukubuni, wala yule mtaalamu hakuiba. Alikosekana mtu wa kukaa nao robo saa, na mtu huyo ni mimi. Nimesoma vitabu vya nchi nyingi, nimepigana na kila mtu magazetini, na jina lako nimelichafua kwa kukataa kuketi.

Bado naamini ninayoyaamini. Wanaochukua bila kumtaja aliyewapa ni wengi, nami sitaacha kuwasema. Lakini kumnyima mtu maana ya maneno, kisha kumtukana kwa kukosea, huo nao ni unyang'anyi, na safari hii mnyang'anyi nilikuwa mimi.

Alhamisi nitateremka Pugu nipande gari moshi hadi Soga. Nitamwomba radhi karani kwanza, kisha bwana wake; hilo la pili litanichoma zaidi. Nitakaa nao daftari kwa daftari, usiku mmoja mmoja, mpaka kila mvua irudi siku yake. Nitadai jambo moja tu, jina lako liandikwe juu ya kila ukurasa watakaonakili. Na anayetaka kukitumia kipima mvua aje, mkeo atamwonyesha.

Buriani, Mjomba. Najua kaburi lako limeota nyasi. Nitakuja kuzing'oa nikitoka Soga. Nikija kabla ya hapo, usiitikie salamu yangu.

Mpwa wako,
Salehe