Kadi za Babu Nyau

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu uingie kwenye chumba cha paka ukiwa na kikombe cha chai mkononi, na usitoke tena kwa miguu yako mwenyewe.

Tunakuandikia tangazo hili la kumbukumbu mbele za watu kwa sababu wengi wao ni watu wako. Miongoni mwa wanaosoma wamo waliowahi kukaa kwenye benchi letu la barazani wakiwa wamepakata kikapu kinacholia. Wamo watoto wa mtaa wetu waliokupa jina la Babu Nyau, jina ambalo mwanzoni lilikukera, halafu ukaanza kuliitikia hata kwenye simu. Anayeshika kalamu leo ni kitindamimba wako, maana Kaka amerithi mwandiko wako, na mwandiko wako hakuna aliyewahi kuuweza ila Mama.

Ulisomea udaktari wa mifugo, na Baba Mkubwa hakuchoka kukutania kwa hilo. "Shule yote ile tukidhani utatibu ng'ombe. Kumbe nyau!" Nawe ulimjibu vilevile kila mara: "Ng'ombe ana wa kumlilia, Kaka. Paka ana nani?"

Chumba chako kilikuwa stoo. Ulitoa magunia, ukapaka rangi nyeupe, ukaweka meza ya bati, taa ya kuinamisha na wavu dirishani. Mizani uliichukua jikoni kwa Mama bila ruhusa. Alinunua nyingine, ukaichukua hiyo pia, ukisema ya kwanza ni ya paka wakubwa. Chombo cha kusikilizia moyo ulikipasha kwanza kwapani kabla ya kumgusisha mgonjwa. Mtu akicheka ulimuuliza, "Wewe ungependa kuguswa na chuma baridi ukiwa unaumwa?"

Kwa watoto wa paka ulikuwa na sheria moja, na tuliijua kabla hatujajua kusoma: pasha kwanza, lisha baadaye. Ulitueleza kwamba mtoto wa paka akishapoa mwili, tumbo lake hulala. Ukimpa maziwa hayasagiki, yanamuua. Kaka alikosea hapo mara moja tu, siku uliyokuwa umetoka. Alimhurumia mmoja aliyekuwa akilia, akamdondoshea maziwa mdomoni kabla hajapata joto. Aliporudi kumtazama alikuta ameshakufa. Kaka alijificha nyuma ya tangi la maji akisubiri kipigo. Hukumpiga wala hukumgombeza. Mlichimba kishimo pamoja, na wakati mnafukia ukamwambia, "Huruma ulikuwa nayo, mwanangu. Utaratibu ndio hukuwa nao."

Halafu zilikuwapo kadi zako. Kila paka aliyeingia chumbani mle aliandikiwa ya kwake: umri, uzito, chanjo, dawa ya minyoo, na jina la mwenyewe. Chini kabisa uliacha nafasi ya maelezo, na hapo ndipo ulipojiachia. Hukuandika habari za paka peke yake. Kadi ya paka wa fundi viatu wa kona ya pili, Mama alitusomea juzi, inasema: "Paka hana neno. Mwenyewe ndiye mgonjwa wa wasiwasi, apewe kiti na maji." Ya mwalimu mstaafu inasema: "Paka amenenepa. Mwenyewe anakataa. Asibishiwe." Droo ya kadi hizo hukutaka tuiguse. Na nafasi ya mwenyewe hukuiacha wazi hata siku moja. "Paka asiye na mwenyewe huokotwa tu," ulikuwa ukisema, "hatibiwi." Sisi hatukuwahi kujiuliza uliandika nini kwa wale walioachwa mlangoni kwetu ndani ya maboksi.

Mama, kama ujuavyo, hakuwataka paka wako. "Mimi niliolewa na daktari," alikuwa akisema, "paka hawakuja kuniposa." Chumbani mle hakuingia ila kwa sababu, na sababu yenyewe aliitaja mlangoni ili isije ikadhaniwa vingine. Lakini taulo zako nani alizifua? Nani aliyekuwa akijaza chupa za maji ya moto na kuziacha kizingitini bila kubisha hodi? Tulimtania kwa hilo, naye akatufukuza jikoni.

Siku ile asubuhi tulikuta boksi la viatu mlangoni. Ndani mlikuwa na watoto watatu wa paka, macho hayajafunguka. Wawili walikuwa wakipiga kelele kwa nguvu. Wa tatu, mweusi, alikuwa kimya na wa baridi. Wale wawili uliwalaza juu ya chupa ya maji ya moto. Huyo mweusi ulifungua vifungo viwili vya shati ukamtia kifuani, kwenye ngozi.

Saa saba Mama alitenga chakula, akakuita. Ukasema unakuja. Saa saba na nusu akaita tena, ukajibu, "Nakuja, Mama watoto, huyu bado hajapata joto." Saa nane alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, akasimama pale na mwiko mkononi, akakwambia neno. Sisi hatukulisikia. Akarudi jikoni, akakifunika chakula chako kwa sahani nyingine. Saa tisa hasira zilikuwa zimemwisha, akaja kukushika mkono. Ulikuwa umekaa kitini, kichwa kimeegemea ukuta, kiganja juu ya kifua. Alidhani umesinzia.

Daktari alituambia kwamba moyo wako ulisimama ghafla, kwamba hukuteseka. Tulimshukuru kwa kutuambia. Ndani ya shati lako yule mweusi alikuwa akilia kwa sauti kubwa, na mwili wake ulikuwa moto.

Wale wawili walipata wa kuwalea. Mweusi alibaki, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtoa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtazama pia. Tulipotaka kumpa jina Mama alikataa katakata. "Huyu si wetu. Ni jirani tu, anapita." Basi tukamwita Jirani. Mama alimlisha kwa bomba la sindano kwa saa zake, hakukosa hata mara moja, na hakumpapasa hata mara moja. Jirani mwenyewe amepita mwaka mzima na hajafika anakokwenda.

Chumba chako Mama alikifunga siku ya tatu, akautundika ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na hakuna aliyethubutu kuugusa. Mchana hakuketi tena mezani. Alikula amesimama, ameegemea sinki, tonge mbili tatu, kisha akaosha sahani. Kaburini alisafisha, akamwagilia maua, lakini hakukusemesha, yeye ambaye husemesha hata birika likichelewa kuchemka. Tulidhani ni majonzi ya kawaida, kama majonzi yana kawaida. Kumbe Mama alikuwa amebeba jambo lake peke yake, nasi tunakula naye nyumba moja hatujui.

Jumapili iliyopita tulikaa sebuleni kuandika tangazo hili. Kila mtu alikuja na mstari wake. Zamu ya Mama ilipofika alisema, "Mimi msiniandike."

Dada akashangaa. "Tusikuandike vipi, Mama? Wewe ndiye mkewe."

"Sistahili. Andikeni ninyi wanawe."

"Mama, kuna nini?"

Alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akasema akitazama sakafu. "Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, wanangu. Siku ile pale mlangoni nilimwambia akae na paka wake. Nikamwambia wampikie wao. Nikamwambia na siku akifa, wamzike wao." Akaiachia kanga. "Ndilo neno langu la mwisho masikioni mwake. Hakunijibu. Ameondoka nalo."

Kaka alijaribu. "Mama, maneno ya hasira hayo. Kila mtu husema."

"Kila mtu humwambia aliye hai, halafu jioni wakapatana. Mimi jioni yangu iko wapi?"

Dada alimshika goti.

Ni hapo mlango ulipogongwa. Alikuwa fundi viatu wa kona ya pili, na yule paka wake mwekundu amekaa kikapuni.

"Shikamoo, Mama. Naona mna kikao, nisameheni. Nimempata daktari mwingine, lakini anataka tarehe za chanjo, na tarehe anazo marehemu. Nimezunguka wiki nzima naogopa kuja. Huyu amepiga chafya mara mbili tangu jana, roho yangu haijatulia."

Tulidhani Mama atamwambia aje siku nyingine. Akanyanyuka, akautoa ufunguo msumarini. "Mtu asikose dawa kwa sababu yangu," akasema, na kitindamimba akamfuata asije akaanguka.

Chumba kilikuwa kama ulivyokiacha. Kikombe chako kilikuwa mezani, chai imekauka na kuwa duara la kahawia. Koti lilikuwa nyuma ya mlango, lina manyoya begani. Mama aliliegemeza paji la uso pale begani kwa muda, kisha akavuta droo, akaanza kutafuta. Kadi ya fundi viatu aliipata upesi. Alipokuwa anafunga, droo ilikwama kwa sababu ya furushi moja la kadi lililofungwa kwa bendeji, nene kuliko mengine yote. Akalitoa. Akasoma ya juu. Akasoma ya pili, ya tatu, akawa anazipekua mbiombio kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Halafu akakaa kwenye kiti chako.

"Baba yenu huyu alikuwa na wazimu," akasema.

"Kumetokea nini, Mama?"

"Hawa ndio wale wa maboksi. Wote. Angalia hapa. Mwenyewe: Mke wangu. Hapa, mwenyewe: Mke wangu. Mke wangu, mke wangu... Miaka ishirini na sita ananiandikisha paka bila kuniambia!" Akainua moja karibu na dirisha. "Hata yule chongo niliyemfukuza na ufagio!"

"Naye wako?"

"Naye wangu! Na hapa chini ameandika: 'Mwenyewe amemtimua kwa ufagio, kisha amemwekea maji nyuma ya nyumba akidhani sioni.'"

Kitindamimba alicheka, na akiwa anacheka akaliona bakuli la mizani limekaa upande. Chini yake palikuwa na kadi, na kalamu yako juu ya kadi. Maandishi yalikuwa yameinama yote upande mmoja, ya mtu aliyeandika kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika kitu. Yeye aliona kama kuku amepita na miguu ya wino. Akampa Mama.

Mama alisoma kwa sauti, na sisi wengine tulikuwa tumeshafika mlangoni, na fundi viatu nyuma yetu. Tunayaandika hapa yote, Baba, bila kupunguza:

"Mtoto wa paka, mweusi, dume. Uzito gramu mia na kumi. Joto: hana. Mwenyewe: Mke wangu. Maelezo: asipewe maziwa kwanza. Chakula changu kimepoa na mwenyewe amekasirika. Ana haki. Amesema paka ndio wanizike. Nimecheka mpaka huyu ameamka, anatikisa mguu, kwa hiyo ahsante ni ya mwenyewe. Akipata joto tu naenda kula, na kumwomba radhi."

Mama aliisoma mara moja kwa sauti na mara nyingine kimya. Kisha alilia, Baba. Alilia kilio ambacho hakukilia msibani, cha kutikisa mabega, na katikati yake akawa anacheka na kusema, "Alicheka! Mzee yule alicheka!" Sisi tulilia naye. Fundi viatu, aliyekuja kutafuta tarehe za chanjo tu, alilia kutushinda wote, tukampa kiti na maji kama ulivyoagiza.

Fundi alipokwisha kuondoka, Mama aliita, "Huyo Jirani yuko wapi?" Aliletwa. Akampakata kwa mara ya kwanza, kwa ukakamavu kidogo, kama mtu anayepewa mtoto wa mgeni. Alimweka kwenye bakuli la mizani, paka akamwagika pande zote. Mama akaichukua kalamu yako. Wino ulikuwa umekauka. Aliipasha kwapani kwanza, ikakubali. Chini ya maandishi yako ameongeza: "Uzito kilo nne na nusu. Joto: analo. Mwenyewe: yuleyule."

Mchana ule Mama alikula mezani, ameketi. Kisha akatupa mstari wake wa tangazo hili, akasema tusiubadilishe hata neno: "Mume wangu, radhi uliyokuwa unakuja kuiomba umeipata. Na mimi naiomba yangu."

Chumba kiko wazi. Kila Jumamosi sasa Dada atakuwa anakuja na yule daktari mpya wa fundi viatu, na maboksi yanaendelea kuachwa mlangoni. Kadi mpya zinaandikwa, na mwenyewe ni yuleyule.

Unakumbukwa na mkeo, mwenye paka wote. Na Dada, na Kaka ambaye sasa anapasha kwanza, na kitindamimba wako. Na Baba Mkubwa, ambaye hacheki tena akisema nyau. Na wajukuu zako wanne. Na watu wote wa benchi la barazani. Na Jirani, ambaye hapiti tena, amefika.

Siku zote tutakazojaliwa, Baba, tutakuwa tunakukumbuka.