Betri Iliyoanikwa Pamoja na Muhogo

Jumatatu, 3 Desemba 1979
Nimefuta ncha za mita yangu ya kupimia umeme, nimenyoosha nyaya, nimeanika betri yake juu ya bati, pembeni ya muhogo wa mke wangu. Kama kawaida. Kabetri kadogo ka mraba, madukani hakuna. Jua la Tabora linafufua betri za redio, haka katashindwaje.
Mita hii ya namba aliniachia mzungu mchimba visima, siku nilipomvuta kutoka kisimani kwa mkono mmoja. Wa kushoto. Toka hapa Ntalikwa mpaka Nzega hakuna mwingine mwenye nayo.
Mchana Kondo kaja mbio. Kondo dereva wa trekta la kijiji, Mzaramo, mtani wangu. Trekta limegoma. Mvua imeshaanza, shamba la ujamaa halijaguswa. Tusipopanda sasa, mwakani tutakula hadithi zangu.
Nikapima betri ya trekta. Volti kumi na mbili na nusu. Nzima kabisa. Nikatangaza mbele ya watu: stata, mota ya kuwashia injini, imekufa.

Jumanne, 4 Desemba
Nimefungua stata. Brashi za makaa nzima, waya nzima. Nimefunga. Trekta likasema tik, likanyamaza. Nimefungua tena. Kidole kimechubuka. Hasira.
Kondo kakaa juu ya tairi anacheka. "Babu zako walibeba meno ya tembo kichwani mpaka kwetu pwani. Wewe kastata haka kamekushinda?"
Nikamjibu babu zake walikuwa wamelala chini ya minazi wakingoja kuletewa. Watu wakacheka. Mimi moyoni sikucheka.

Alhamisi, 6 Desemba
Akina mama wamechoka kusubiri, wameingia shambani na majembe. Ukitazama shamba, kama hawajafanya kitu. Mwenyekiti wa kijiji hanisalimu.
Nimeanika betri ya mita tena, nimepima ya trekta. Kumi na nne! Injini imelala, nani kaichaji? Nimekata nyaya za mita, nimeunga upya. Kumi na nne ileile. Nimemfokea mke wangu bure. Aibu.
Jioni mke wangu kanirushia betri mpya ya tochi. "Haya, pima na hii. Labda nayo ni ya trekta."
Betri ya tochi ni moja na nusu, hata mbuzi anajua. Mita ikasema mbili na ushei.
Mwongo. Mwongo kuliko mimi.

Ijumaa, 7 Desemba
Mjini kwa baiskeli kuitafutia mita betri mpya, matope mpaka magotini. Duka baada ya duka, hakuna betri ya mraba. Mwisho nikaingia kwa Ramji, Mhindi muuza vitambaa. Kasikiliza, kafungua redio yake mwenyewe, kachomoa.
"Chukua, fundi. Taarifa ya habari nitasikia kwa jirani."
Nikaipachika palepale. Kale kaalama ka pembeni ya kioo, nilikodhani ni chapa ya kiwanda, kakapotea. Kumbe siku zote kalikuwa kanalia njaa: betri ya mita ikiisha, namba zinapanda. Nikapima betri ya tochi: moja na nusu.
Nikamwambia Ramji nilijua tangu mwanzo, nilikuwa nahakikisha tu. Ramji akatazama dari.

Jumamosi, 8 Desemba
Betri ya trekta ni kumi tu. Maiti. Stata ya watu haikuwa na kosa lolote, nimeipasua bure.
Tumepeleka betri karakana ya mjini kuchajiwa. Mimi nasukuma baiskeli, Kondo kaishikilia isianguke, ananisimanga njia nzima. Eti jua lile linakausha muhogo, linapumbaza mzee.
Kurudi, kapita kwangu, kakamata jogoo wangu mwekundu mbele ya macho yangu, kaondoka naye kwapani. Mtani akikukuta na kosa anachukua chako akipendacho, na kununa ni mwiko. Sikununa. Nimeuma meno mpaka taya linauma.

Jumatatu, 10 Desemba
Mvua ndogo imepita alfajiri. Betri za redio nimeziacha juu ya bati, hizo jua linaziweza. Ya mita iko ndani, ndani ya kitambaa alichonipa Ramji.
Mke wangu kaenda shambani na wenzake, mbegu kafunga kwenye kanga.
Jogoo hayupo. Leo nimeamshwa na trekta.